Kipande cha karatasi kimeninyima usingizi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu. Nafundisha watoto wa miaka 13 hadi 15, na ndiye niliyekabidhiwa malezi na ushauri nasaha hapa shuleni. Nilikabidhiwa bila mafunzo yoyote, kwa kuwa tu watoto wananizoea.

Mwaka jana binti mmoja wa darasa langu aliacha kuja katikati ya muhula. Nilipouliza, nikaambiwa amepata mtu wa kumsaidia, anaenda kukaa kwake, atafanya kazi kidogo na kusoma jioni. Nikasema sawa. Dawati lake lilikaa wazi wiki mbili, kisha wenzake wakalisukuma nyuma kabisa. Baadaye tukaanza kusikia kwamba hasomi, hapewi simu, na hakuna anayeweza kusema kwa uhakika yuko wapi. Ile "sawa" niliyoisema inanisumbua mpaka leo.

Mwaka huu nikaamua kuwafundisha wenzake kuhusu usafirishaji haramu wa binadamu. Hakuna aliyenituma. Niliingia intaneti nikatoa picha: mikono iliyofungwa minyororo, mtoto nyuma ya nondo, gari jeusi. Nikazibandika ubaoni na kuzungumza kipindi kizima. Nikawakanya wasipande gari la mtu wasiyemjua wala kupokea zawadi yake. Darasa lilikuwa kimya, wawili walilia. Nikaona somo limeingia.

Mwishoni nilipitisha boksi waandike maswali bila majina. Mengi yalikuwa ya kawaida. Moja liliandikwa kwa penseli kwenye kipande kilichochanwa kwenye daftari la hesabu: "Mwalimu kama anayekuchukua ni mjomba na mama amekubali bado ni hiyo biashara?"

Sikulijibu. Nilikosa la kusema, kengele ikaniokoa. Leo ni siku ya 9. Mwandiko nadhani naujua.

Katikati ya hayo, mzazi mmoja amekuja kulalamika kwamba mwanawe halali na anaogopa kutoka nje. Mwalimu mkuu ameniita na kuniambia niache: somo halimo kwenye mtaala, nawatisha watoto, na shule si kituo cha polisi. Si mtu mbaya, Shangazi. Anaogopa lawama.

Je, niache? Nisipoacha, nifundishe vipi? Na hiki kipande cha karatasi nikifanyie nini?

Mwalimu nisiyelala

*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na karatasi. Mtaala unaweza kungoja mpaka wiki ijayo, huyo mtoto huenda hana wiki.

Mtoto wa umri huo hatungi swali la namna hiyo hewani. Ametaja mjomba, ametaja mama, ametaja kukubaliana. Pengine safari imeshapangiwa siku. Pengine alikwenda akarudi, pengine anamuulizia rafiki. Huwezi kuyatenganisha hayo kwa kutazama mwandiko, kwa hiyo lichukulie kama swali la mtoto anayeondoka keshokutwa.

Kesho ingia darasani, waambie kuna swali hukulijibu na unaomba radhi, kisha lijibu mbele ya wote bila kumkazia macho yeyote. Jibu ni ndiyo, inaweza kuwa hiyo biashara. Itifaki ya Umoja wa Mataifa iliyopitishwa mwaka 2000, ile wanayoiita ya Palermo, ilianza kutumika 2003 na inatazama mambo matatu. La kwanza ni kitendo: kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumhamisha, kumhifadhi au kumpokea. La pili ni njia iliyotumika: nguvu, vitisho, ulaghai, kutumia vibaya madaraka au unyonge wa mtu, au kumlipa aliye na mamlaka juu yake. La tatu ni lengo, nalo ni kumnyonya, iwe kwa kazi ya kulazimishwa, biashara ya ngono, utumwa au kutolewa viungo vya mwili. Kwa mtu mzima yanatakiwa yote matatu. Kwa aliye chini ya miaka 18 njia haiulizwi kabisa. Mtoto akikubali, mama akikubali, mjomba akiwa wa damu, ikiwa anapelekwa kunyonywa basi ni kosa lilelile.

Usiishie hapo. Humo darasani wamo watoto wanaolelewa na wajomba na mashangazi wanaowapenda sana, na hutaki warudi nyumbani wakiwatazama kwa jicho la shaka. Waambie kuhamia kwa ndugu si kosa. Wape maswali ya kupimia: Nikifika nitafanya nini kutwa nzima? Nitaandikishwa shule gani, na nani ameizungumza na shule hiyo? Vitambulisho vyangu atavishika nani? Nikitaka kumpigia mama, nitapiga kwa simu ya nani, na nikisema nataka kurudi itakuwaje? Ndugu mwenye nia njema anayajibu hayo bila kukasirika.

Kisha sema utakuwa wapi na saa ngapi, kwa yeyote mwenye la kuzungumza. Akija, usimwahidi siri ambayo hutaweza kuitunza. Mwambie: "Sitamwambia asiyehusika. Ukiwa hatarini itabidi nimtafute anayeweza kutusaidia, na nitakuambia wewe kabla sijafanya hivyo." Asipokuja siku hiyohiyo, na mwandiko unadhani unaujua, muombe akusaidie kubeba madaftari mkiwa njiani kuelekea ofisini, kama unavyomuomba mwanafunzi yeyote, na mpe nafasi. Uliza maswali yaliyo wazi: "Nieleze hiyo safari." Msikilize mpaka mwisho. Akishaondoka, andika maneno yake kama alivyoyatamka, na usimrudishe kwa mwalimu mwingine aanze upya. Mtoto akisimulia mara ya nne anaanza kuamini kwamba hakuna anayemsadiki.

Mambo mawili usiyafanye. Usimpigie simu mjomba. Na usiende peke yako kwa mama na tuhuma mkononi. Huenda naye amedanganywa, ameahidiwa kwamba mtoto atasomeshwa, na mama huyo anahitaji kusaidiwa kuliko kuhukumiwa. Lakini kama anajua kinachoendelea, safari ya Ijumaa itakuwa ya usiku wa leo. Taarifa ipeleke kwa maafisa wa ustawi wa jamii, kwa polisi wanaoshughulikia watoto, au kwenye simu ya msaada kwa watoto. Mwalimu mkuu ajulishwe siku hiyohiyo, na mweleze kwamba hili limeshatoka kwenye mambo ya somo, ni usalama wa mwanafunzi wake. Akikwambia ngoja, mwambie kwa heshima kwamba hili huwezi kulingojea, kisha upeleke taarifa.

Sasa somo lenyewe. Usiache. Ila picha zile zibandue.

Najua ulizibandika kwa uchungu wa yule binti, na sikulaumu. Lakini mfikirie. Yeye hakuna aliyemfunga mnyororo, wala hakutupwa ndani ya gari jeusi. Aliaga. Pengine alivaa nguo mpya, pengine watu walisimama mlangoni wakampungia mkono. Mtoto uliyemfundisha kuogopa mtu asiyemjua hatashtuka akichukuliwa na anayemjua, na hao ndio wengi. Takwimu zilizotolewa mwaka 2017 na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji zilionyesha kwamba katika karibu nusu ya kesi za watoto zilizotambuliwa, mambo yalianza kwa mkono wa ndugu. Mwanafunzi wako ameliona hilo kuliko picha zako zote, ndiyo maana akauliza habari za mjomba.

Na neno lenyewe, usafirishaji, linatuponza. Mtu akilisikia anaona basi, meli, mpaka wa nchi. Kumbe mtoto anaweza kuingizwa humo bila kuvuka barabara, kwa kuwa kumpokea na kumhifadhi ili atumikishwe kunatosha. Wengine husema ulanguzi wa watu. Tumia lolote, ila wanafunzi wajue kwamba safari si sharti.

Minyororo nayo imebadilika. Siku hizi ni kitambulisho kilichofungiwa kabatini, deni lisiloisha, sauti inayosema "ukitoroka nitamfuata mdogo wako", picha ya utupu iliyohifadhiwa kwenye simu ya mtu. Na aibu. Hiyo ndiyo inayowafunga wengi midomo hata mlango ukiwa wazi.

Kwa sababu hiyo nakuomba kitu kimoja: usiwaambie "tamaa mbele, mauti nyuma". Ni methali nzuri kwa mambo mengine, hapa inaua. Mtoto aliyeisikia kwako, siku akinaswa, atajiambia ni tamaa yangu, nilikanywa, nitarudi na uso gani? Hatapiga simu. Kutaka kazi, kutaka kusoma, kutaka kumsaidia mama si tamaa. Wanaowinda watoto wanawinda matumaini hayohayo. Mwambie mapema, kwa sauti, kwamba akidanganywa kosa ni la aliyemdanganya, na kwamba wewe utafurahi kumwona hata akirudi mikono mitupu.

Badala ya picha, andika ubaoni ujumbe kama huu: "Kazi ipo, haihitaji uzoefu. Mshahara mnono. Nauli juu yetu. Zimebaki nafasi mbili, tunaondoka Ijumaa. Njoo na kitambulisho halisi. Usitangaze kwanza, watu wana wivu."

Waache wausome wenyewe, wapige mstari pale panapowawasha. Usiwatangulie. Utaona wa kwanza watapigia mstari mshahara, na hiyo ni sawa, lakini ndiyo sehemu nyepesi. Waulize nauli hiyo italipwa na nani mwishoni. Waulize nafasi mbili na Ijumaa zinamnyima mtu kitu gani, na mmoja atasema: muda wa kuuliza. Kitambulisho halisi, kisha kitakaa mfukoni mwa nani? Halafu wafikishe kwenye sentensi ya mwisho na mkae hapo, kwa maana huyo aliyeandika anajua kwamba ukimwambia mtu mmoja mwenye akili timamu mpango wake umekufa. Kazi ya halali haiharibiki mama akiijua. Baada ya hapo kila mmoja aandike maswali manne ya kumjibu mtu huyo: mwajiri ni nani, anwani ni ipi, mkataba uko wapi, nani anafanya kazi hapo ambaye naweza kuzungumza naye peke yangu. Na wafanye mazoezi ya kutamka kwa mdomo, wawili wawili: "Ngoja nimuulize mtu." Watacheka. Waache wacheke, ila waseme mpaka izoeleke, kwa sababu mtoto aliyelelewa kuwatii wakubwa hukwama koo hapo hapo.

Muombe mwalimu wa hesabu kipindi kimoja. Swali ni hili: mtu ameanza kazi akiwa na deni la nauli la 1,000. Mshahara ni 100 kwa mwezi. Anakatwa 40 za malazi, 45 za chakula, na 25 za "faini na usafiri". Baada ya miezi 12 anadaiwa kiasi gani? Watakokotoa na kupata 1,120. Amefanya kazi mwaka mzima na deni limekua. Wengine watafuta na kurudia wakidhani wamekosea. Hapo ndipo wanapoelewa utumwa wa deni, na hakuna aliyelazimika kulia.

Wale wakubwa kidogo, hasa wavulana na wanaofanya vizuri darasani, watakuambia haya ni ya wasiosoma. Waeleze yanayotokea kwenye vituo vya utapeli wa mtandaoni kusini-mashariki mwa Asia. Mwezi Agosti 2023 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba huenda watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na kama 100,000 nchini Kambodia walikuwa wakishikiliwa na kulazimishwa kutapeli watu kupitia intaneti. Wengi wao ni wasomi, wanaojua kompyuta na lugha zaidi ya moja. Walijibu tangazo la kazi ya ofisini. Na kwa rika la wanafunzi wako, mlango mwingine ni simu walizo nazo: rafiki wa kwenye mchezo anayetaka mhamie sehemu ya kuzungumza faragha, zawadi ndogo, sifa nyingi, kisha ombi la picha, kisha picha hiyohiyo inageuzwa fimbo. Waambie wazi kwamba hata kama picha imeshatumwa, bado wanaweza kuja kwako.

Kabla ya kipindi chochote cha namna hii, watangazie siku moja mapema na umruhusu asiyetaka akae maktaba bila kujieleza. Humo ndani anaweza kuwemo aliyeyapitia. Kamwe usiulize "nani hapa imewahi kumtokea". Wala usimlete manusura aje asimulie mateso yake mbele ya watoto ili wapate hisia. Kama yeye mwenyewe anataka kuzungumza, azungumzie kilichomsaidia kutoka. Na kila kipindi kiishie kwenye jambo la kufanya. Yule mtoto asiyelala, aliyekuletea mzazi, aliondoka na hofu bila kitu cha kushika mkononi. Mzazi wake ana haki ya kulalamika. Mtafute, mwambie hivyo, mweleze unavyobadilisha, na umuombe yeye na mtoto wachague neno lao la siri la kutumia kwenye simu mambo yakiharibika. Atakuwa wa kwanza kukutetea.

Jambo la kufanya liwe dogo na la kweli. Kila mwanafunzi akariri namba mbili za simu kichwani. Jaribu leo kuwauliza, utashangaa ni wangapi hawajui hata ya mama, na simu ndiyo kitu cha kwanza mtu kunyang'anywa. Namba ya msaada kwa watoto iandikwe ubaoni, lakini uipige wewe kwanza. Ujue kama inapokelewa, saa ngapi, na anayepokea anazungumzaje. Usimpe mtoto namba ambayo hujawahi kusikia ikiita.

Usilifanye pia liwe jambo la siku moja. Umoja wa Mataifa uliamua mwaka 2013 kwamba tarehe 30 Julai iwe siku ya dunia ya kupinga usafirishaji wa binadamu, na ni vizuri kuiadhimisha. Lakini dakika 20 za jiografia muhula huu, hesabu muhula ujao, mjadala mmoja kwenye uraia, zinakaa kichwani kuliko hotuba moja ndefu.

Kwa mwalimu mkuu nenda na ukurasa mmoja, usiende na hasira. Anaposema shule si kituo cha polisi, mkubalie, kwa sababu amesema kweli: shule haichunguzi wala haikamati. Halafu muulize ni ofisi gani nyingine inayoita majina ya watoto mmoja mmoja kila asubuhi na kujua nani hayupo. Hakuna. Daftari la mahudhurio ndilo kengele ya kwanza ya mtaa mzima. Mwonyeshe kwamba Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 35, unazitaka serikali kuzuia watoto wasitekwe, wasiuzwe wala kusafirishwa kwa namna yoyote, na kwamba ile itifaki ya Palermo, ibara ya 9, inataja hatua za kielimu miongoni mwa njia za kuzuia. Mwambie mwaka 2017 jimbo la California nchini Marekani lilipitisha sheria ya kuingiza somo hili shuleni, ili aone si ndoto yako peke yako. Kisha umpe kile anachokitafuta kweli, yaani kinga dhidi ya lawama: utaratibu wa maandishi, wa nusu ukurasa, unaosema mtoto akieleza jambo anapokelewa na nani, linaandikwa wapi, linapelekwa kwa nani, ndani ya saa ngapi. Kwa kweli huo ulitakiwa utangulie somo. Ukifungua boksi la maswali kabla ya kuwa nao, unabaki na karatasi mkononi kama ulivyobaki.

Wekeni ndani yake sharti moja zaidi. Mwanafunzi akihama, mzazi alete jina la shule anakokwenda, na shule ipige simu huko baada ya wiki mbili kuuliza kama amefika. Simu moja tu. Familia nyingi zitashukuru kwamba kuna anayefuatilia, na mwenye nia mbaya atajua kwamba mtoto huyu ana watu wanaomhesabu.

Hapo turudi kwa yule binti. Umeniandikia kama vile habari zake zimekwisha. Hazijaisha. Ulichosikia, kwamba hasomi, hapewi simu na hajulikani aliko, kinatosha kupelekwa kwa maafisa haohao, hata kama miezi imepita. Hutakiwi kuwa na ushahidi kamili. Tafuta daftari la mwaka jana, andika siku ya mwisho aliyohudhuria, nani alikuambia ameondoka, kwa maneno gani, na aliyesemekana kumchukua anaitwaje. Andika pia kwamba ulisema sawa, kama ilivyokuwa. Ipeleke barua hiyo pamoja na ya mtoto wa karatasi, safari moja.

Lakini asubuhi anza darasani. Lijibu lile swali. Niandikie ukishazungumza naye, nitakuwa nasubiri.

Shangazi yako